Maumivu ya Paja, Dawa ya Mifupa na Jeni za Ukoo

Kwa kawaida ukurasa huu huchanganya maswali ya kila aina, lakini safari hii nimeamua kuzikusanya pamoja barua zinazohusu dawa za kutibu mifupa dhaifu, kwa sababu zimekuwa nyingi na kwa sababu barua ya kwanza hapa chini ilininyima usingizi. Nimefupisha maswali na kuondoa majina ya walioandika, ya hospitali na ya madaktari waliotajwa. Neno osteoporosisi litajirudia mara nyingi, kwa hiyo nieleze mapema kwamba ni hali ya mfupa kupungukiwa madini na kulegea mpangilio wake wa ndani, hata ukawa unavunjika kwa mshindo mdogo ambao mfupa imara usingeuhisi.

SWALI: Assalamu alaikum, Daktari. Mama yangu ana umri wa miaka 71 na tunaishi Bombo. Miaka 8 iliyopita alianguka uani akavunjika kifundo cha mkono, akapimwa mifupa mjini Kampala, na tangu hapo amekuwa akimeza kidonge cha alendroneti kila Jumapili. Mwaka jana alianza kulalamika kwamba paja la kulia linamuuma kwa ndani anapotembea. Tuliambiwa ni baridi yabisi, tukapewa dawa ya kuchua. Miezi 5 baadaye alikuwa amesimama jikoni, akageuka kuchukua sufuria, na paja likavunjika kabla hajaanguka. Sasa mama mdogo, anayeishi Arua na ambaye amemeza dawa hiyo hiyo kwa miaka 6, ananiambia kwa simu kwamba paja lake linamuuma vivyo hivyo. Je, jambo hili limo katika damu yetu? Mama mdogo aache dawa? Na mimi mwenye miaka 46 nijitayarishe kwa lipi? (Binti wa Bombo)

JIBU: Wa alaikum salaam, dada yangu, na pole sana kwa yaliyompata mama. Nitaanza na mama mdogo, kwa sababu jambo lake haliwezi kungoja tumalize kwanza kuzungumza habari za jeni, yaani maelekezo ya mwili tunayoyarithi kwa wazazi. Mpigie simu leo. Mwambie aende hospitali ya rufaa iliyo karibu naye, aseme waziwazi kwamba ametumia alendroneti kwa miaka 6, kwamba paja linauma, na kwamba dada yake wa tumbo moja amevunjika paja akiwa amesimama. Aombe picha ya eksirei ya mapaja yote mawili, kila moja tangu nyonga hadi goti, wala asikubali picha ya nyonga peke yake, kwa kuwa ufa unaotafutwa mara nyingi hukaa chini zaidi, katikati ya paja, na picha iliyokatwa juu haiuonyeshi. Hadi atakapopigwa picha hiyo atembee kwa magongo, asibebe ndoo ya maji, asipande bodaboda, na kidonge cha wiki hii akiache kando mpaka daktari amwone. Kukosa vidonge viwili vitatu hakutamdhuru, kwa sababu dawa aliyokwisha kumeza imeshikamana na mifupa yake na itakaa humo kwa miaka.

Kitu ambacho daktari atakitafuta kwenye picha ni kinundu kidogo kwenye ukuta wa nje wa mfupa wa paja, mahali ambapo mfupa umejaribu kujiziba wenyewe, na wakati mwingine mstari mwembamba mweusi unaoukata ukuta huo kwa upana. Picha ikiwa safi na maumivu yakaendelea, asirudishwe nyumbani kwa dawa ya kuchua; kipimo cha MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku, huuona ufa ambao eksirei haijauona. Ufa ukipatikana mapema, daktari wa upasuaji anaweza kupitisha chuma kirefu ndani ya mfupa kabla haujakatika, na operesheni hiyo ni nyepesi kuliko ile aliyofanyiwa mama.

Maelezo uliyoyatoa kuhusu mama yanafanana kabisa na uvunjikaji ambao madaktari huutenga na uvunjikaji wa kawaida wa wazee. Osteoporosisi kwa kawaida huvunja shingo ya mfupa wa paja karibu na nyonga baada ya mtu kuanguka. Huu mwingine hutokea kwenye mwili wa mfupa wenyewe, mfupa hukatika kwa mstari ulionyooka kama ubao uliokatwa kwa msumeno, tena bila mshindo wowote wa maana. Taarifa za kwanza zilizowashtua madaktari zilitoka Marekani mwaka 2005 na Singapore mwaka 2007, na mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo liandikwe kwenye karatasi za dawa hizi. Jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba takriban wagonjwa 7 kati ya 10 huwa wamehisi maumivu ya paja au ya kinena kwa wiki au miezi kabla ya siku yenyewe. Mama yako alisema mapema. Hakupata mtu wa kuunganisha paja lake na kidonge chake cha Jumapili.

Namna dawa inavyofanya kazi itakusaidia kuelewa sehemu ya urithi, kwa hiyo nivumilie kidogo. Mfupa ulio hai haukai kama jiwe. Kuna seli zinazoubomoa na seli zinazoujenga upya, na kazi hizo mbili huendelea usiku na mchana kwa maisha yote. Mwanamke akikoma hedhi, ubomoaji huushinda ujenzi, na mfupa huanza kupungua. Alendroneti na ndugu zake, ambao kwa pamoja huitwa bisfosfoneti, hushikamana na madini ya mfupa. Seli bomoaji inapoutafuna mfupa huimeza dawa, na dawa hiyo huzuia kimeng'enya kimoja, yaani protini ya kuendesha kazi za kikemia, ambacho seli inakihitaji ili iendelee kufanya kazi. Ubomoaji hupungua, mfupa huokolewa. Lakini ubomoaji nao una faida yake. Fikiria fundi anayekarabati ukuta wa nyumba ya udongo: hawezi kusiriba juu ya ufa na kuondoka, kwanza huikwangua sehemu iliyopasuka, kisha hutia udongo mpya. Kila hatua unayopiga huacha nyufa ndogo mno kwenye ukuta wa nje wa mfupa wa paja, kwa sababu upande huo huvutwa sana uzito wa mwili unapouelemea. Seli bomoaji zikizuiwa kwa miaka mingi, nyufa hizo hazikwanguliwi, na kwa watu wachache sana ufa mmoja hukua hadi mfupa ukakatika.

Kwa nini wachache hao na si wengine? Hapa ndipo jeni zinapoingia. Mwaka 2017 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha habari za akina dada watatu wa Hispania, wote wakiwa wametumia bisfosfoneti kwa zaidi ya miaka 5, na wote watatu wakiwa wamevunjika paja kwa namna hii. Watafiti walisoma vinasaba vyao wakakuta mabadiliko nadra 37 ambayo dada hao walikuwa nayo kwa pamoja. Moja lilikuwa katika jeni iitwayo GGPS1. Jeni hiyo hutoa maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kilicho kwenye njia ile ile ya kikemia inayozuiwa na bisfosfoneti, na badiliko lililoonekana lilikuwa limedhoofisha sana kazi yake. Kwa maneno mengine, njia ambayo dawa inaibana kwa mtu yeyote, kwa dada hawa ilikuwa tayari imebanwa tangu kuzaliwa. Naiona habari hiyo kuwa na uzito mkubwa, ingawa ni ukoo mmoja, na tafiti zilizotafuta jeni moja kubwa inayoeleza wagonjwa wote hazikuipata.

Zipo jeni nyingine ambazo huenda zikawa na maana zaidi kwa daktari wa kawaida, kwa kuwa magonjwa yake yanaweza kutambulika bila maabara ya vinasaba. Ya kwanza ni ALPL. Aliyerithi kasoro katika jeni hiyo huwa na ugonjwa wa haipofosfatesia, ambao mfupa wake hukosa kupokea madini ipasavyo. Akiwa mtoto meno yake ya utotoni yanaweza kung'oka mapema pamoja na mizizi yake, na akiwa mtu mzima mifupa ya nyayo huweza kupasuka bila sababu na kuchelewa kuunga. Mtu huyo hufanana na mwenye osteoporosisi, na akipewa bisfosfoneti kwa kudhaniwa hivyo anaweza kudhurika. Nyingine ni jeni za kolajeni, protini inayoupa mfupa uimara, nazo ni COL1A1 na COL1A2, ambazo kasoro zake husababisha mifupa kuvunjika mara kwa mara tangu utotoni, wakati mwingine pamoja na weupe wa macho kuwa na rangi ya samawati na masikio kupoteza usikivu mapema. Na tusisahau kwamba umbo la mfupa nalo hurithiwa: mfupa wa paja uliopinda zaidi kwa nje huvutwa zaidi, na ufa hupata mahali pa kuanzia.

Je, jambo hili limo katika damu yenu? Linawezekana, na mimi ningewatibu kama watu ambao limo, ingawa dada wawili waliotumia dawa moja kwa miaka mingi wangeweza pia kupata tatizo moja kwa sababu ya dawa na muda peke yake. Kwa upande wa mama, paja la kushoto nalo lipigwe picha kama halijapigwa, kwani kwa takriban robo ya wagonjwa mguu wa pili huwa na ufa pia. Alendroneti aiache moja kwa moja. Asije akapewa dawa nyingine ya jamii hiyo hiyo kwa jina tofauti, iwe ni kidonge cha risedroneti au dripu ya asidi ya zoledroni. Mfupa uliovunjika namna hii huchelewa kuunga, basi msikate tamaa miezi ikipita. Ipo sindano ya teriparataidi inayochochea ujenzi wa mfupa, na wapo madaktari wanaoipendekeza kwa wagonjwa kama mama, lakini ni ghali na ushahidi wake kwa uvunjikaji huu bado ni mdogo. Sisemi muuze shamba kwa ajili yake.

Kuhusu wewe mwenyewe, dada yangu, huna haja ya kuogopa mapaja yako leo, maana hujameza dawa hiyo. Chukua daftari uandike habari za ukoo wenu wa upande wa mama: nani alivunjika nini, akiwa na umri gani, alianguka kutoka wapi au alikuwa amesimama tu, alikuwa akitumia dawa gani na kwa miaka mingapi, nani alipoteza meno mapema, nani alikuwa na miguu iliyopinda. Waulize wazee wakiwa hai. Siku daktari yeyote atakapotaka kukuanzishia dawa ya mifupa, mwekee daftari hilo mezani, na uombe apime kwanza kalisi, fosfeti, kazi ya figo, vitamini D ikipatikana, na kipimo kinachoandikwa ALP kwenye karatasi ya maabara. Hiki cha mwisho ni cha bei nafuu na kimo ndani ya vipimo vya ini vinavyofanywa kila siku. Sisi madaktari tumezoea kukitazama kikiwa juu na kukipita kikiwa chini. Kikiwa chini mara kwa mara bila sababu nyingine, ndicho kinachotuonyesha haipofosfatesia. Kipimwe kabla ya dawa kuanza, kwa sababu bisfosfoneti zenyewe hukishusha, na baadaye ni vigumu kujua kilichokishusha ni nini.

SWALI: Mke wangu ana miaka 68, pingili mbili za uti wa mgongo wake zilishabonyea na kimo chake kimepungua. Nilisoma kwamba vidonge vya mifupa ndivyo vinavyovunja mapaja ya kina mama, nikamwachisha baada ya mwaka mmoja na nusu. Nimefanya vyema? (Mzee wa Jinja)

JIBU: Mzee wangu, najua umefanya kwa mapenzi, lakini hukufanya vyema, na nakuomba umrudishe kwa daktari wake mwezi huu. Mtu ambaye pingili zake zimekwisha kubonyea yuko katika hatari kubwa ya kuvunjika tena, na huyo ndiye ambaye dawa humsaidia kuliko wote. Katika utafiti mkubwa wa alendroneti uliochapishwa mwaka 1996, uliowahusu wanawake 2,027 waliokuwa na pingili zilizovunjika kama mke wako, waliovunjika nyonga walikuwa asilimia 2.2 miongoni mwa waliopewa kidonge kisicho na dawa, na asilimia 1.1 miongoni mwa waliopewa dawa, katika muda wa takriban miaka 3. Nusu ya nyonga hizo ziliokolewa. Nyonga iliyovunjika kwa mama wa miaka 68 ni kitanda, ni vidonda vya mgongo, ni homa ya mapafu, na wengi hawarudi kutembea walivyokuwa wakitembea.

Sasa uweke hilo kwenye mizani pamoja na habari uliyoisoma. Mwaka 2020 watafiti wa kusini mwa California walichapisha hesabu za wanawake 196,129 waliotumia bisfosfoneti, na kati yao wote waliovunjika paja kwa namna ile niliyoieleza hapo juu walikuwa 277. Walikadiria kwamba ukiwatibu wanawake 10,000 wenye asili ya Ulaya kwa miaka 3, unawaepusha na mivunjiko 149 ya nyonga, na unasababisha mivunjiko 2 ya paja ya aina hii. Kwa wanawake wenye asili ya Asia faida ilikuwa ndogo zaidi na hatari kubwa zaidi: mivunjiko 91 iliyoepushwa dhidi ya 8 iliyosababishwa. Hata hapo faida iko mbali mbele.

Hatari hiyo si ileile kila mwaka. Hupanda kadiri miaka ya dawa inavyoongezeka, na baada ya miaka 8 huwa mara nyingi zaidi kuliko mwanzoni. Ukiacha, hushuka upesi. Kwa sababu hiyo madaktari hukaa na mgonjwa baada ya miaka 5 ya vidonge, au miaka 3 ya dripu, na kuamua kama anaweza kupumzika. Kupumzika huko ni kwa mtu ambaye hatari yake imeshuka. Mke wako alikuwa na mwaka mmoja na nusu tu.

Niongeze tahadhari moja ambayo ukurasa huu haujawahi kuitoa. Ikiwa dawa uliyomwachisha ni sindano ya denosumabu inayochomwa kila baada ya miezi 6, jambo ni la haraka zaidi. Denosumabu haikai mfupani kama alendroneti. Ikiachwa ghafla bila dawa nyingine kuchukua nafasi yake, ubomoaji hurudi kwa kasi na pingili kadhaa zinaweza kuvunjika kwa mfululizo katika miezi inayofuata.

SWALI: Daktari, nimestaafu ualimu na nasoma sana. Je, naweza kupimwa jeni hapa Uganda kabla ya kuanza dawa ya mifupa, au nitume mate yangu ng'ambo? Na je, hizi tafiti za Wazungu na Waasia zinatuhusu sisi? (Mwalimu wa Mbarara)

JIBU: Mwalimu, usitume mate yako popote kwa ajili ya jambo hili. Hakuna mwongozo wa kitabibu unaomtaka daktari apime jeni za mgonjwa kabla ya kumwandikia alendroneti, na sababu si umaskini wetu, maana hata nchi tajiri hazifanyi hivyo. Tafiti za mapacha zimeonyesha kwamba kati ya asilimia 50 na 80 ya tofauti za uzito wa mifupa baina ya mtu na mtu hutokana na urithi, lakini urithi huo umetawanyika mno. Mwaka 2019 wachunguzi waliosoma vinasaba vya watu 426,824 wa UK Biobank, hazina ya taarifa za afya na vinasaba ya Uingereza, wote wenye asili ya Uingereza, walipata sehemu 518 za vinasaba zinazohusiana na uzito wa mfupa, na kwa pamoja zilieleza takriban asilimia 20 tu ya tofauti hizo. Kwa upande wa uvunjikaji wa paja unaotokana na dawa tunachojua ni kidogo zaidi: ukoo mmoja wenye GGPS1, wagonjwa kadhaa wenye kasoro za ALPL au za kolajeni, na ukweli kwamba wenye asili ya Asia huathirika mara nyingi zaidi. Ukipimwa leo ukaambiwa huna badiliko la GGPS1, hujapata kinga, na ukiambiwa unalo badiliko ambalo halijawahi kuonekana kwa mtu mwingine, hakuna atakayekueleza maana yake.

Swali lako la pili ndilo linalonigusa zaidi. Hesabu ya mivunjiko 149 dhidi ya 2 haikufanywa kwa wanawake wa Ankole, wa Acholi wala wa Busoga, na mimi sipendi kuwahamishia wagonjwa wangu namba za watu wengine kana kwamba ni nguo zinazomkaa kila mtu. Kama tofauti kati ya wenye asili ya Asia na wenye asili ya Ulaya ni kubwa kiasi kile ndani ya jimbo moja la Marekani, tuna haki ya kuuliza sisi tuko wapi. Uwezo wa kutafuta jibu upo hapa nchini. Huko Kyamulibwa, katika wilaya ya Kalungu, wanavijiji wamekuwa wakifuatiliwa tangu mwaka 1989 katika utafiti ulioanzishwa kwa ajili ya VVU pamoja na Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda iliyoko Entebbe, na mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya kusomwa vinasaba vya takriban watu 6,400 wa huko, karibu 2,000 kati yao vikisomwa kikamilifu. Kazi hiyo ilifunua mabadiliko ambayo hayakuwa yakionekana katika hazina za Ulaya. Ningefurahi sana kuona siku moja mifupa ya paja ikiingizwa katika maswali ya namna hiyo.

Afrika imekwisha kuifundisha dunia kuhusu jeni za mifupa, Mwalimu. Miongoni mwa Makaburu wa Afrika Kusini kuna koo zenye ugonjwa nadra wa kurithi ambao mifupa yao huwa mizito na minene kupita kiasi. Watafiti waliufuata ugonjwa huo hadi kwenye jeni iitwayo SOST, inayotoa protini ya kuzuia ujenzi wa mfupa, na kutokana na ufahamu huo ikatengenezwa dawa ya romosozumabu, inayoizuia protini hiyo, ambayo iliidhinishwa Marekani mwaka 2019. Koo chache zilizokubali kuchunguzwa zilitoa dawa ambayo sasa inatumiwa na watu wasiojua hata zilipo. Kwa hiyo nakuomba ufanye kama nilivyomwomba Binti wa Bombo: historia ya ukoo wako ndiyo kipimo cha jeni ulicho nacho leo, na ukiwa mwalimu utaiandika vizuri kuliko wengi wetu.

SWALI: Ninatumia dawa za ARV zenye tenofoviri kwa miaka mingi, na kwa ajili ya maumivu ya viungo nimekuwa nikinunua prednisoloni dukani. Je, nami nianze dawa ya mifupa? (Mama wa Mbale)

JIBU: Dada, ARV usiziguse, ndizo zinazokuweka hai. Ni kweli kwamba tenofoviri ya aina iliyozoeleka hupunguza kidogo uzito wa mifupa, na kwa baadhi ya watu hudhuru figo hata fosfeti ikapotea kwenye mkojo, lakini hilo hupimwa na kutatuliwa kliniki unakochukua dawa zako, na ikibidi hubadilishiwa. Ninachokihofia zaidi ni hiyo prednisoloni ya dukani. Dawa za jamii hiyo ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya mifupa kudhoofika, na zikitumiwa kwa mwaka au zaidi pamoja na bisfosfoneti huongeza hatari ya paja kuvunjika namna tuliyoizungumza. Tena usiiache kwa siku moja baada ya matumizi ya muda mrefu, kwa sababu mwili huwa umesahau kutengeneza ya kwake na unaweza kuzidiwa. Nenda kwa daktari akupunguzie taratibu, naye ndiye ataamua kama mifupa yako inahitaji dawa. Wakati huohuo kula mukene (dagaa) wakavu wazimawazima, na miiba yao, kwani humo mna kalisi ya bei nafuu kuliko vidonge vyovyote.

SWALI: Naweza kumeza kidonge changu cha kila wiki kwa chai ya maziwa ya asubuhi? (Msomaji wa Masindi)

JIBU: Hapana. Maziwa huishika dawa ikapita tumboni bila kuingia mwilini. Imeze kwa maji matupu, bilauri nzima, kabla ya kula chochote, kisha ukae wima au utembee kwa nusu saa bila kulala, ili isiunguze koo. Chai ingoje.

Kabla ukurasa huu haujapelekwa mtamboni Binti wa Bombo alituandikia tena. Mama mdogo alikwenda hospitali kwa gari la jirani, akiwa amelazwa kiti cha nyuma. Fundi wa eksirei alitaka kupiga nyonga tu, naye akasisitiza mapaja yote mawili. Paja la kushoto, linalouma, lina kinundu na mstari mweusi; la kulia, ambalo halijamuuma hata siku moja, lina kinundu kinachoanza. Sasa anatembea kwa magongo na amepangiwa siku ya kuwekewa chuma. Binti anauliza vidonge vilivyobaki kwenye pakiti avifanyie nini. Avibebe siku ya miadi pamoja na picha zote mbili na lile daftari, ambalo anasema limefikia kurasa 4, na ambamo bibi mzaa mama ameandikwa kwamba alivunjika paja akiwa shambani miaka mingi kabla dawa hizi hazijakuwepo. Maneno hayo kuhusu bibi, dada yangu, yapigie mstari, na umwombe daktari ayasome kwanza kabla hajafungua faili.